Mlango wa Tatu, Mkono wa Kulia

Wageni walikuwa tisa, begi lilikuwa moja, na mtembeza wageni hakuwepo.

Inspekta aliwakuta wameketi kuzunguka kisima cha zamani, wamenuna kama watu waliokosewa adabu. Ilikuwa saa saba kasoro robo mchana. Tangu saa nne na robo asubuhi walikuwa wakimsubiri mzee aliyewaambia, "Nipeni dakika tano tu," akabaki kule uchochoroni asitokee tena. Wanne kati yao walikuwa wameshaanza kumsema. Watano waliobaki walikuwa na njaa tu.

Begi lilikuwa mapajani mwa mwalimu mstaafu, mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alikuwa amelikumbatia kwa mikono miwili, na hakuliachia mpaka Inspekta alipomwonyesha kitambulisho, akakisoma mbele na nyuma.

"Alinipa mimi nimshikie," alisema. "Akirudi akalikosa, nitamwambia nini?"

Inspekta alipenda mashahidi wa namna hiyo. Walikuwa wachache, na kwa kawaida hawakosei saa. Aliketi kando yake ukingoni mwa kisima.

"Tuanze mwanzo, mwalimu. Asubuhi alikuwaje?"

"Mchangamfu. Shati limepigwa pasi, ndevu kanyoa, ananukia vizuri. Na hakutupa mgongo hata mara moja. Sisi tunakwenda mbele, yeye anarudi nyumanyuma huku anatutazama na kusimulia. Mawe yenyewe unayaona yalivyo. Roho yangu ilikuwa juu, nikidhani ataanguka."

"Haanguki," sauti ilisema nyuma yao. "Ndiyo maana wanamwita Kinyumenyume. Miaka kumi na tisa anatembeza watu mtaa huu wa kale hivyohivyo."

Aliyesema alikuwa binti wa mzee, muuguzi, bado yuko na sare ya kazini chini ya sweta. Alikuwa amekuja mbio na pumzi haijamrudia. Hakusalimia mtu. Alichukua begi, akatoa kopo la vidonge lenye vyumba vya asubuhi, mchana na jioni, akalifungua. Kidonge cha mchana kilikuwamo. Simu ya mzee nayo ilikuwa humo begini.

"Vya moyo," alisema. "Saa sita kamili anatakiwa ameze. Hajameza."

Basi kila mtu pale kisimani akajua kwamba saa ile haikuwa ya kunung'unika.

"Mdogo wangu," Inspekta alisema, "nieleze habari za baba."

"Baba amepoteza kumbukumbu." Alilisema kwa mkupuo, kama anavyobandua plasta. "Hataki kwenda kwa daktari, lakini mimi ni muuguzi, naona. Anaongea peke yake asubuhi akichemsha chai. Hadithi moja hiyohiyo, leo anaisema hivi, kesho vile. Ana ufunguo kwenye shada lake la funguo, hauingii mlango wowote wa nyumbani, nimeijaribu yote. Nikimuuliza anasema ni ufunguo wa hadithi. Na mwaka huu ameanza kununua manukato. Baba yangu! Mtu aliyekuwa anaoga kwa sabuni ya kufulia!"

Koplo, mtu mnene aliyekuwa amesimama juani akijipepea kwa kofia, alikohoa kidogo. "Afande, mzee anayenunua manukato hajasahau kitu. Amekumbuka."

"Koplo."

"Nimenyamaza, afande."

Binti hakucheka. Alitoa begini daftari lenye jalada gumu, kona zimelika kwa kushikwa. "Soma hili. Ni daftari lake la njia. Mnara wa saa kauandika uko kushoto. Uko kulia. Posta ya zamani kaiandika kulia. Iko kushoto. Mtu amepita hapa miaka kumi na tisa, leo hajui kulia wala kushoto." Sauti ilianza kumtoka vipande vipande. "Jana niliwaandikia barua ofisini kwao, nikawaomba wampumzishe. Leo asubuhi mkuu wake amempigia simu. Kamwambia amalize safari hii ya mwisho, kisha aache beji mezani. Mimi ndiye niliyemwandikia, afande. Kama amekwenda kujiumiza mahali, ni mimi."

Inspekta hakumwambia usijali. Hakuwa na mazoea ya kugawa asichokuwa nacho. Alimshika kiwiko tu, akamketisha kivulini, kisha akaanza kazi.

Uchochoro mzee alimopotelea uliitwa wa mafundi. Ulianzia pale kisimani, mwembamba kiasi kwamba watu wawili wakipishana lazima mmoja agande ukutani. Milango kumi na minne, saba kila upande. Koplo alikuwa ameshaipitia yote. Mmoja aliukuta wazi, akachungulia tu na kupita. Minane ilifunguliwa na wenyewe wakaapa hawakuona mtu. Mitano ilibaki kimya.

"Mwalimu, alipowaacha mlikuwa wapi?"

"Tumeingia hatua chache tu uchochoroni. Alisimama, akapaza sauti, akasema mlango ule ulichongwa kwa siku mbili. Siku mbili! Hata mimi nisiyejua useremala najua ni uongo. Akatazama juu, akangoja. Akarudia. Akangoja tena. Mara ya tatu uso ukambadilika. Ndipo akanipa begi na kutuambia turudi kisimani."

"Mlango gani? Upande gani?"

Mwalimu aliona haya. "Nilikuwa nachunga miguu yangu. Na alipotuambia turudi, sote tukageuka. Watu tisa, wote tulimpa mgongo kwa wakati mmoja."

Inspekta hakuwa mtu wa kumeza habari za kuambiwa. Alichukua daftari, akaenda nalo hadi lango la mtaa na kurudi, kwa mwendo uliomwacha Koplo nyuma akihema. Vituo sita. Mnara wa saa, posta, nyumba ya balozi, duka la mpiga chapa, shule ya kwanza, bafu la umma. Binti alisema kweli. Kila kilichoandikwa kushoto kilikuwa kulia, na kila cha kulia kilikuwa kushoto. Chini ya kila kituo kulikuwa na kurasa mbili tatu za hadithi, kwa mwandiko mzuri uliosimama wima.

Kituo cha saba ndicho kilichomsimamisha. Hakikuwa na hadithi hata mstari mmoja. Kilisema hivi tu:

*Kutoka kisimani, uchochoro wa mafundi. Mlango wa tatu, mkono wa kulia. HAPA PAZA SAUTI. Wageni wasisimame.*

"Twende," alisema.

Mlango wa tatu mkono wa kulia ulikuwa karakana ya seremala. Koplo alipofika mara ya kwanza hapakuwa na haja ya kuugonga, ulikuwa wazi. Ndani mashine ya randa ilikuwa ikinguruma mpaka meno yanauma. Seremala, mtu mfupi aliyefunikwa na vumbi la mbao hadi kwenye kope, alipoona sare mbili mlangoni aliizima mashine, akanyanyua mikono.

"Nilijua mtakuja," alisema.

Inspekta na Koplo walitazamana.

"Ulijua?"

"Mambo haya hayafichiki. Lakini sikufanya kwa ubaya, afande. Hali yenyewe ilikuwa mbaya, imeoza. Nikaona niifunike kabla watu hawajaanza kuuliza."

Mkono wa Koplo ulishuka taratibu hadi kwenye pingu. "Umefunika nini, bwana?"

"Mlango wa mbele! Najua ni wa kihistoria, najua kupaka rangi mpaka kibali. Lakini ni rangi ya maji, inatoka. Na wekundu wenyewe si mkali hivyo."

Walipekua karakana hata hivyo. Nyuma ya mbao, ndani ya kabati, chini ya lundo la takataka za randa ambamo Koplo alizama hadi magotini. Hapakuwa na mzee. Seremala alikuwa amewasha mashine tangu saa mbili asubuhi na alikuwa amejiziba masikio kwa pamba. Hata mtu angechinjwa mlangoni kwake asingesikia.

"Usiwashe tena mashine mpaka nikwambie," Inspekta alisema.

"Hata mwezi, afande."

Walirudi kisimani mikono mitupu. Saa saba na dakika kumi na tano. Binti aliposikia alifunika uso kwa viganja.

"Nilikwambia. Ameandika upuuzi."

Inspekta aliliweka daftari ukingoni mwa kisima. Mwalimu mstaafu, ambaye hajawahi kuona daftari akaliacha, alilichukua, akapandisha miwani, akaanza kulipitia kidole kikifuata mistari.

"Vituo sita," alisema. "Amekosea vingapi?"

"Vyote."

"Vyote kabisa? Hakuna hata kimoja alichopatia?"

"Hakuna."

"Basi huyu hajasahau kitu." Alifunga daftari. "Nimesahihisha mitihani miaka thelathini na minne. Maswali ya ndiyo na hapana, mtoto asiyejua hupata nusu kwa kubahatisha. Hata aliyelala hupata nusu. Anayekosa yote, ujue anayajua yote. Kaamua kuandika kinyume, au kayasoma akiwa ameketi upande mwingine."

Inspekta akainuka polepole.

"Koplo, hebu njoo. Simama hapo, mdomoni mwa uchochoro. Nitazame mimi."

"Nimekutazama, afande."

"Sasa ingia uchochoroni. Usigeuke. Nenda kinyumenyume."

Koplo alitii, mguu mmoja baada ya mwingine, tumbo mbele, akipapasa hewa kama mtu aliyezimiwa taa. Wageni walianza kucheka. Alipoufikia mlango wa tatu Inspekta alimsimamisha.

"Mkono wako wa kulia uko mlango gani?"

Koplo alinyoosha mkono. Haukuelekea karakana yenye mlango mwekundu. Ulielekea ng'ambo ya pili, kwenye mlango wa kale uliochongwa maua toka juu hadi chini, mmoja wa mitano iliyobaki kimya. Juu yake kulikuwa na dirisha lililofungwa.

Wageni wakaacha kucheka.

"Daftari si la wageni," Inspekta alimwambia binti. "Ni lake mwenyewe. Kayaandika anavyoyaona, na yeye anaupita mtaa huu kinyumenyume. Kulia kwake ni kushoto kwetu. Baba yako hajakosea neno, mdogo wangu. Sisi ndio tuliolisoma tumesimama vibaya."

Binti alikuwa ameshaondoka, anakimbia.

Bila mashine ya seremala uchochoro ulikuwa kimya kabisa. Binti aliweka sikio kwenye maua ya mlango. Inspekta aliweka lake chini kidogo, karibu na tundu la ufunguo. Ndani kulikuwa na sauti ya mwanamume, imekwaruza hadi kubaki nyuzi tu, lakini haina haraka.

"...na mlango huu, wageni wangu, ulichongwa kwa siku mbili."

Kimya. Halafu sauti ya mwanamke, ndogo, imechoka, ila imekasirika.

"Miezi tisa. Miezi tisa, wewe mzee muongo."

"Haya, bado uko nami. Tuendelee."

"Baba!" binti alipiga kelele.

Sauti ileile ikajibu kutoka ndani, "Mwanangu? Usisukume mlango kwa nguvu. Tuko kwenye ngazi, nyuma yake hapa. Mwenzangu ameanguka, mguu umenasa kwenye nguzo za ngazi. Mimi ndiye ninayemshikilia asiteleze. Nikimwachia, anaenda hadi chini."

"Ufunguo uko wapi?"

"Mfukoni. Lakini mikono yote ina kazi."

Koplo alirudi nyuma hatua mbili, akainamisha bega. Seremala alimrukia na kumdaka mkanda.

"Usithubutu! Kazi ya miezi tisa hiyo! Na wako nyuma yake, hujasikia?" Alichomoa patasi nyembamba mfukoni mwa aproni, akaipenyeza kati ya mlango na fremu, akasikiliza kama daktari, akasukuma. Ulimi wa kitasa ukarudi ndani. Alifungua kiasi cha mtu mmoja kupita ubavu, naye binti akawa wa kwanza kuingia.

Ngazi ilikuwa kali, karibu kusimama. Mzee Kinyumenyume alikuwa amekaa ngazi ya nne, miguu ameikita ukutani, kifuani amemlaza mwanamke wa umri wake mwenye nywele nyeupe zilizosukwa mistari miwili. Mikono ya mzee ilikuwa imemzunguka chini ya makwapa na vidole vimefungana. Vilikuwa vyeupe. Alikuwa amemshika hivyo karibu saa tatu nzima.

Muuguzi hakuuliza mtu ni nani. Kwanza alimtia baba yake kidonge mdomoni, akamwambia meza, kama wanavyoambiwa watoto. Kisha akapiga magoti, akapapasa nyonga ya yule mama, akamtazama machoni, akahesabu mapigo. Koplo alimpokea mzee kumshikilia mama kwa nguvu zake zote, seremala akakata nguzo mbili za ngazi kwa msumeno huku akiziomba radhi, na mguu ukatoka.

"Nyonga imevunjika," binti alisema. "Atapona. Gari la wagonjwa liko njiani, lakini haliwezi kuingia hapa, litaishia kisimani." Ndipo alipomgeukia baba yake. "Kwa nini hukupiga kelele?"

"Nimepiga kelele hadi sauti ikaisha. Randa ya jirani inapiga kuliko mimi."

Seremala alijikuna kichwa na kutazama sakafu.

"Na huyu ni nani, baba?"

Mzee alikuwa akijisugua vidole damu irudi. Alionekana kuona haya kuliko kuumwa.

"Huyu ndiye mtembezaji wa kwanza wa mtaa huu. Ndiye aliyenifundisha kutembea kinyumenyume, mwaka ule baada ya kumzika mama yako. Magoti yalimwisha, miaka sita sasa hashuki ngazi; leo kajaribu, akaanguka. Basi kila siku nikipita na wageni naisema hadithi kwa sauti, aisikie. Nikisema kweli anagonga dirisha mara mbili. Nikikosea, anagonga mpaka wageni wanashtuka."

"Kwa hiyo unafanya mazoezi asubuhi ili usikosee."

"Nafanya mazoezi ya kukosea, mwanangu. Kosa lile la jana halifai leo, atajua namfanyia makusudi. Leo nimekosea mara tatu. Hakugonga."

Binti alikaa chini kwenye ngazi. Alilia bila kujificha, mkono mmoja bado uko kwenye mapigo ya yule mama, akihesabu.

"Nilidhani unanipotea," alisema. "Nilidhani unaniondokea kidogo kidogo na mimi naangalia."

"Nilitaka kukwambia. Niliogopa utaniona mzee nisiye na haya."

"Manukato yenyewe ni mabaya, lakini," yule mama alisema kutoka chini, macho yamefumba. "Mwambie anunue mengine."

Simu ya Inspekta iliita. Alikuwa mkuu wa ofisi ya watembezaji, akiuliza kama mzee amepatikana, na kama beji iko naye ili aje kuichukua. Inspekta alisikiliza hadi mwisho, kisha akamnyooshea binti simu.

Binti alijifuta uso kwa mkono wa sweta. "Mimi ndiye niliyeandika ile barua," alisema. "Nilikosea. Nilikuwa nimesimama upande usiofaa. Beji iko kifuani kwake, na hawezi kuja kwenye simu sasa hivi. Yuko kazini."

Alikata simu.

Watu wa gari la wagonjwa walikuja na machela kwa miguu. Uchochoro ulikuwa mwembamba mno kwa mtu kutembea ubavuni mwa mgonjwa, na mama alikuwa ameanza kuogopa. Mzee akapita mbele ya machela, akageuka, akasimama anamtazama yeye. Akanyoosha shati.

"Mgeni wangu," alisema kwa ile sauti iliyobaki, "karibu mtaani. Kushoto kwako ni mlango mwekundu, umepakwa rangi bila kibali."

"Ya maji!" seremala alisema.

Akaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua, machela ikimfuata, na mama akiyatazama mawe, kuta na mbingu ambavyo kwa miaka sita aliviona kupitia dirishani tu. Wageni tisa walijipanga kimya pande mbili za kisima. Koplo alivua kofia. Miguu ya mzee ilikuwa imechoka, ilitetemeka, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa ilikuwa ikitafuta pa kukanyaga. Binti akaona. Akapita nyuma ya baba yake, akaweka viganja viwili mgongoni mwake, akawa anamwongoza.

"Taratibu, baba. Kuna jiwe limeinuka. Kulia."

"Kulia kwangu au kwake?"

"Kwako," alisema. "Kwako, baba. Nimeshajifunza."